Mzee Asiachwe Peke Yake

Somo la kusomwa nyumbani na katika mikutano ya wazazi

Ndugu msomaji, mzee akifika hospitali, mwuguzi mwenye akili anamwuliza maulizo mawili. Ulizo la kwanza ni hili: "Unaumwa wapi?" La pili ni hili: "Nani amekuja pamoja nawe?"

Watu wengine wanafikiri kwamba ulizo la pili ni salamu tu, au kwamba mwuguzi anatafuta mtu wa kulipa. Sivyo. Jibu la ulizo hili linamwonyesha mwuguzi mambo mengi. Linamwonyesha nani atapika chakula cha mgonjwa, nani atakumbuka vidonge vyake, na nani ataona upesi kama ugonjwa umerudi. Mara nyingi, mzee anayejibu "Nimekuja peke yangu" yuko katika hatari kubwa kuliko mwenzake mwenye ugonjwa ule ule aliyekuja na mtoto wake au jirani.

Katika somo hili tutajifunza kwamba mwili wa mzee unalindwa na mambo mawili yasiyouzwa katika duka la dawa. La kwanza ni watu walio karibu naye. La pili ni mambo aliyojifunza, na yale anayoendelea kujifunza.

1. MWILI WA MZEE UNA AKIBA KIDOGO

Uzee si ugonjwa. Lakini mtu akizeeka, akiba ya mwili wake inapungua. Kijana akikosa maji siku nzima shambani, anasikia kiu, anakunywa, na jambo limekwisha. Mzee hasikii kiu sana hata wakati mwili wake unahitaji maji. Kwa hiyo anakauka bila kujua, kichwa kinazunguka, anaanguka.

Kijana akilala kitandani juma moja kwa sababu ya malaria, anaamka na kurudi kazini. Mzee akilala juma moja, misuli ya miguu yake inapungua sana, na labda hatatembea tena vizuri kama hakuna mtu wa kumwinua kila siku.

Tena ulimi wa mzee hauonji chakula kama zamani. Macho yanaona ukungu. Masikio hayashiki maneno. Mifupa inavunjika upesi. Nyumba yenye nguzo nyingi haianguki nguzo moja ikioza. Nyumba iliyobaki na nguzo mbili inapashwa kuangaliwa kila siku. Na mtu hawezi kuangalia nguzo za nyumba yake mwenyewe kama macho yamekuwa mabaya. Anahitaji macho ya mtu mwingine.

2. WAZEE WAWILI

Tufikiri wazee wawili wa kijiji kimoja. Wote wawili wana miaka 68. Wote wawili wana tansio, ndiyo ugonjwa wa damu kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Wote wawili walipewa vidonge vile vile, siku moja, katika dispensari moja.

Mke wa mzee wa kwanza amekufa. Watoto wake wamekwenda mbali, wengine mjini, wengine kuchimba dhahabu. Anapika mara moja kwa siku, kwa maana kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja kunamchosha. Hatwangi sombe, hapiki maharagi. Anakula bugali baridi na kipande cha makayabo chenye chumvi nyingi. Hatoki nyumbani, kwa maana hana pa kwenda. Baada ya miezi miwili anasikia mwili mzuri, kichwa hakiumi. Anasema moyoni, "Nimepona." Anaacha vidonge. Hakuna mtu wa kumwambia kwamba tansio haiumi, na kwamba vidonge havikatwi kwa sababu mtu anasikia vizuri. Usiku mmoja mkono na mguu wa upande mmoja unakufa. Jirani anamkuta siku ya pili, mchana, akiwa sakafuni, na kinywa chake kimekauka.

Mzee wa pili naye ni mjane. Lakini jirani anamtumia sahani ya chakula, na yeye anamlindia watoto wakati mama yao yuko shambani. Kila jioni anakwenda barazani na kukaa na wazee wenzake. Mjukuu wake, msichana wa darasa la tano, anamsomea karata yake ya dispensari na kuhesabu vidonge. Siku moja anapoongea barazani, mdomo wake unapinda na maneno yake hayasikiki vizuri. Rafiki zake wanaona mara moja. Wanamweka juu ya pikipiki, mtu mmoja akimshika nyuma, na kabla ya giza yuko mikononi mwa munganga.

Mzee huyu wa pili naye alipata ugonjwa. Hatusemi kwamba marafiki wanazuia kila ugonjwa. Lakini alishikwa akiwa na damu iliyotulizwa na dawa, na mwili uliolishwa. Alipata msaada siku ile ile. Aligeuzwa kitandani asipate vidonda, alilishwa polepole chakula kisiingie mapafuni, na miguu yake ilizoezwa. Leo anatembea na fimbo.

Vidonge vilikuwa vile vile. Tansio ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa watu.

3. WANGANGA WALIHESABU NINI

Labda utasema, "Hii ni mfano tu." Ni kweli, ni mfano. Basi sikia hesabu.

Mwaka 1965, katika wilaya ya Alameda, jimbo la California, Marekani, watu 6,928 waliulizwa maulizo mengi. Waliulizwa kama wameoa au kuolewa, kama wanaonana na jamaa na marafiki, kama ni washiriki wa kanisa au wa chama kingine. Kiisha wanganga walingoja miaka 9. Walipohesabu waliokufa, waliona kwamba wale waliokosa vifungo hivi na watu walikufa mara 2 mpaka 3 zaidi kuliko wale waliokuwa navyo. Hesabu hii ilitolewa mwaka 1979 na Lisa Berkman na Leonard Syme.

Mtu mwenye akili atauliza: "Labda wale waliokaa peke yao walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, na kwa sababu ya ugonjwa hawakuweza kutembelea watu?" Ni ulizo zuri. Wanganga wale nao waliliuliza. Wakalinganisha watu wenye afya sawa mwanzoni. Wakaangalia pia nani anavuta tumbako, nani anakunywa pombe, nani mnene, nani anatembeza mwili wake. Tofauti ilibaki.

Mwaka 2010 wataalamu wengine walikusanya pamoja hesabu 148 za namna hii, za watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba watu wenye vifungo vizuri na wenzao walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi kwa 50 kwa mia kuliko wale wasiokuwa navyo. Na mwaka 2025 OMS, ndiyo Shirika la Afya la Dunia, lilitangaza kwamba mtu mmoja katika kila watu 6 duniani anaumizwa na upweke, na kwamba upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka.

Usifikiri kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu tu. Zamani tulisema kwamba katika Kongo mzee hawezi kukosa watu. Lakini tangu mwaka 1996 vita vya mashariki vimewafukuza watu mara nyingi. Jamaa zimetawanyika. Vijana wanakwenda mijini na machimboni. Wazee wengine wamebaki nyuma kulinda nyumba, wengine wako katika kambi kati ya watu wasiowajua. Mzee anaweza kuwa peke yake katikati ya watu elfu kumi, kama hakuna hata mmoja anayejua jina lake.

4. NAMNA GANI WATU WANALINDA MWILI

Si uchawi, wala si maneno matamu tu. Kuna njia tano unazoweza kuona kwa macho yako.

Chakula. Mtu anayekula na wengine anakula zaidi na anakula vyakula vya namna nyingi. Penye watu wengi kuna sombe, kuna maharagi, kuna ndagala. Penye mtu mmoja kuna bugali tu.

Kutembea. Mzee aliye na mahali pa kwenda anatembea. Kwenda barazani, kwenda kanisani, kwenda kumwona rafiki mgonjwa, hiyo yote ni dawa ya miguu na ya moyo.

Macho ya wengine. Jirani anaona kwamba mzee amekonda, kwamba mguu wake una kidonda, kwamba anakohoa tangu majuma matatu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari huweza kuwa na kidonda chini ya mguu bila kusikia maumivu. Mwingine anapashwa kukiona.

Dawa. Mtu anayekumbushwa hakosi vidonge vyake wala siku yake ya kurudi dispensari.

Usingizi na amani. Mtu anayeogopa siku zote, moyo wake unapiga kwa haraka, tansio yake inapanda, usingizi wake unakatika. Mtu anayejua kwamba akiita usiku kuna atakayeitika, mwili wake unapumzika.

Tena uangalie jambo hili: mzee hapashwi kupokea tu. Yule mzee wa pili alilinda watoto wa jirani. Mzee anayehitajiwa na watu anaamka asubuhi kwa sababu. Mpe kazi inayofaa nguvu zake: kuchambua maharagi, kusuka kikapu, kuwafundisha watoto hadithi na majina ya miti, kuamua maneno ya watu wanaogombana. Ukimwambia kila siku, "Kaa tu, pumzika," unafikiri unamheshimu, kumbe unamwondolea miguu.

5. MASOMO NI AKIBA YA MWILI

Sasa tuseme juu ya masomo. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza hesabu waliyoikusanya katika nchi 59. Waliona kwamba kila mwaka mmoja wa masomo unapunguza hatari ya kufa ya mtu mzima karibu 2 kwa mia. Mtu aliyesoma miaka 18 ana hatari iliyopungua kwa 34 kwa mia kuliko mtu asiyesoma hata mwaka mmoja. Faida ni kubwa zaidi kwa vijana, lakini hata kwa wazee wenye zaidi ya miaka 70 haijakwisha.

Kwa nini? Mtu aliyesoma mara nyingi alipata kazi isiyovunja mgongo, na mshahara wa kununua chakula na dawa. Anaweza kusoma maneno yaliyoandikwa juu ya kibweta cha dawa, na kuona kama siku zake zimepita. Anaelewa munganga anaposema tansio yake ni 16 kwa 10, na kwamba ikifika 14 kwa 9 au kupita tunasema ni ya juu. Hadanganywi upesi na mtu anayeuza dawa sokoni kwa kelele. Tena ubongo uliozoezwa kwa kusoma na kufikiri unapata akiba ya namna yake. Ugonjwa wa uzee ukiushika, unakawia kuushinda.

Wamama wengi wenye miaka 70 na zaidi walizaliwa wakati wasichana wachache tu walipelekwa masomoni. Kaka zao waliandikishwa, wao wakabaki kuchota maji na kulima. Leo wanaume na wanawake hawa wanakuja dispensari na karata wasiyoweza kuisoma. Si kosa lao. Lakini kuna mambo mawili ya kufanya.

La kwanza, usirudie kosa lile. Msichana unayemtoa masomoni leo ndiye mama mzee wa kesho. Unapomlipia mwaka wa masomo, unamwekea akiba ya afya atakayoitumia miaka 50 mbele, wakati wewe hutakuwapo kumsaidia.

La pili, usiseme kwamba mzee hawezi kujifunza tena. Anajifunza polepole, lakini anajifunza. Mama wa miaka 60 anayejifunza herufi kwa ajili ya kusoma jina lake na hesabu za likelemba anazoeza ubongo wake. Na kwa kuwa anajifunza pamoja na wenzake, anapata dawa mbili kwa mara moja.

Mzee asiyejua kusoma kabisa, tumsaidie kwa alama. Chora jogoo juu ya kibweta cha vidonge vya asubuhi, na mwezi juu ya kile cha usiku. Mjukuu anayesoma awe macho yake. Jambo hili linamfaa mtoto pia, kwa maana anaona kwamba masomo yake yana kazi nyumbani.

6. KUSAHAU SI ULOZI

Hapa, ndugu msomaji, tunasema neno gumu.

Mama mzee anaanza kusahau. Anauliza ulizo moja mara tano. Anatoka usiku na kupotea njia. Anaongea na watu waliokufa. Anamwita mwanawe jina la mwingine, au anamshitaki kwamba amemwibia. Kiisha mtoto wa jirani anakufa kwa malaria, na watu wanaanza kunong'ona: "Yule anayezunguka usiku ni mlozi." Wanamhama, hawapokei chakula chake, watoto wanamkimbia. Mahali pengine wazee wamepigwa na kufukuzwa, na wengine wameuawa, kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo.

Ni ugonjwa. Mwaka 1906 munganga wa Ujerumani, jina lake Alois Alzheimer, aliwaeleza wanganga wenzake habari za mwanamke aliyepoteza ukumbusho wake, na mambo aliyoyaona katika ubongo wake baada ya kufa. Tangu siku zile ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake. Uko Ulaya, uko Asia, uko Afrika. Unashika tajiri na maskini, mwalimu na mkulima.

Ukiona mzee amechanganyikiwa, fuata njia hii.

Kama imeanza kwa ghafula, kwa siku moja au mbili, ni jambo la haraka. Mara nyingi sababu yake ni malaria, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa mkojo, kukosa maji, au sukari iliyoshuka au kupanda kupita kiasi. Mengi ya magonjwa haya yanaponyeka. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Kama imekuja polepole, kwa miezi, mlete pia apimwe. Labda ni malale, ule ugonjwa wa kulala mchana na kukesha usiku. Malale inaponyeka, na tangu mwaka 2018 Kongo ina dawa yake ya vidonge. Labda mwili umekosa vitamini fulani. Labda masikio yamezibwa na uchafu tu, naye hajibu kwa sababu hasikii. Mwuguzi anaweza kuusafisha kwa dakika chache. Labda macho yana mtoto wa jicho, naye anaogopa kwa sababu haoni. Macho hayo huweza kupasuliwa na kuona tena.

Kama ni ugonjwa wa Alzheimer, hakuna dawa ya kuuponya. Lakini mzee anaweza kuishi miaka mingi bila hofu kama watu wake wanaelewa. Ongea naye polepole. Usishindane naye. Weka vitu vyake mahali pamoja. Ufunge mlango usiku ili asipotee, lakini usimwache amefungiwa peke yake. Na mbele ya jirani useme wazi: "Mama yetu ni mgonjwa. Munganga amempima." Maneno haya machache yanaweza kuokoa maisha yake.

Mwaka 2024 wataalamu wa gazeti la wanganga linaloitwa The Lancet walihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya magonjwa ya kusahau. Kati yake ni kukosa masomo, tansio, sukari, kutosikia, kutoona, na kukaa peke yake. Walisema kwamba kama mambo yote 14 yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kukingwa au kuchelewa kuugua. Basi kila sura ya somo hili inahusu ugonjwa huu pia.

7. MTUNZAJI NAYE ACHUNGWE

Mara nyingi kazi yote ya kumtunza mzee inaachwa kwa binti mmoja au mkwe mmoja. Anabeba, anafua, anakesha, na kaka zake wanatuma salamu kwa simu. Mtu huyu atachoka, na akichoka atamgombeza mzee, kiisha atalia kwa aibu. Jamaa yote ikutane na kugawanya kazi: huyu alete kuni, huyu alipe dawa, huyu alale kwa mzee siku mbili za juma. Salamu ni nzuri, lakini hazigeuzi mgonjwa kitandani.

8. FANYA HIVI JUMA HILI

(1) Hesabu wazee wanaoishi karibu nawe, nyumba kumi kwa kila upande. Ujue nani analala peke yake.

(2) Mzee huyo apate mtu mmoja wa kumsalimia kila asubuhi. Mlango usipofunguliwa, mtu huyo apige hodi na kuingia.

(3) Angalau mara mbili kwa juma, ale pamoja na watu wengine. Mpe maji bila kungoja aombe.

(4) Mwangalie miguu, macho na masikio.

(5) Mpeleke apimwe tansio na sukari. Kama anameza vidonge, vihesabu pamoja naye.

(6) Mpe kazi moja ambayo ni yake.

(7) Kama una mtoto wa kike aliyeachishwa masomo, ongea nyumbani mwako namna ya kumrudisha.

MAULIZO

1. Kwa nini mzee anaweza kukauka bila kusikia kiu?
2. Wale wazee wawili walipewa vidonge vile vile. Ni mambo gani yaliyowatenganisha?
3. Wanganga wa mwaka 1979 walijuaje kwamba ugonjwa wa mwanzoni si sababu yote ya tofauti waliyoiona?
4. Taja njia tano ambazo watu wanalinda mwili wa mzee.
5. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumsaidia babu yake namna gani?
6. Mzee akichanganyikiwa kwa ghafula, utafanya nini siku ile ile?
7. Jirani akisema kwamba mama mzee anayesahau ni mlozi, utamjibu nini?
8. Ulipohesabu nyumba kumi, ulimkuta nani peke yake? Usiandike jibu la ulizo hili. Nenda kwake.